Farasi Wanaovua, na Kamba Inayolegezwa

Mjomba wangu,

 

Ukiwa huko kwetu Magara, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, umeniuliza kama ni kweli huku Ubelgiji watu huvua kwa farasi. Ni kweli. Kijiji chenyewe ni Oostduinkerke, kwenye Bahari ya Kaskazini, na mwaka 2013 UNESCO iliuingiza uvuvi huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wakati huo kaya zilizouendeleza zilikuwa 12 tu. Bahari ikipwa, farasi wa Brabant, mnyama anayeweza kufikia kilo 1,000, huingia majini hadi kifuani akiwa amempakia mvuvi, akatembea sambamba na ufuko huku akikokota wavu uliotanuliwa kwa mbao mbili. Mnyororo unaoburuzwa mchangani huwashtua uduvi, wakaruka na kuishia wavuni. Uduvi hao huku wanapendwa kama samaki wa mukeke kwetu.

Ila ninalotaka kukueleza hasa ni jinsi farasi anavyofikishwa majini. Huyu ni mnyama mwoga kwa asili. Akihofia kitu, hukimbia, na wimbi linalonguruma miguuni mwake linatisha. Tena hakuna mwanamume awezaye kuvuta kilo 1,000 zisizotaka kwenda. Kwa hiyo mafunzo huanzia nchi kavu, mtu akitembea kwa miguu yake, ameshika kamba iliyofungwa kwenye hatamu isiyo na lijamu. Jumamosi huwa nasaidia katika zizi moja la farasi, na kazi hiyo naijua sasa.

Humwendei kwa nyuma wala usoni moja kwa moja, maana huko haoni vizuri. Unamjia ubavuni, penye bega, ukiongea naye. Kamba huizungushi mkononi, kwani akishtuka atakuburuta. Ukitaka aje, unaikaza kidogo, unangoja. Akiinua mguu mmoja tu kuja kwako, unailegeza papo hapo. Hapo ndipo anapoelewa: kukaza ni swali, kulegeza ndilo jibu. Ukichelewa kulegeza, hatajua amepatia wapi. Akishalizoea hilo, anafundishwa kusimama, kurudi nyuma, kukanyaga turubai, kuvuka dimbwi. Akiinua kichwa juu na kukaza masikio, mnatulia hapo hapo. Akiinamisha shingo na kulambalamba midomo, mnaendelea.

Usidhani ni mambo ya Wazungu wa leo. Xenophon, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kitabu kuhusu farasi, na humo akausia kwamba mtu asimshughulikie mnyama huyo akiwa na hasira.

Utaniambia kwetu farasi hawapo. Sawa. Mbung'o, na tauni ya farasi inayoenezwa na visubi, ni maadui wao wakubwa katika nchi za joto za Afrika. Hata msafiri Stanley, aliyepita kwa mtumbwi kwenye mwambao wetu wa ziwa pamoja na mwenzake Livingstone mwaka 1871, alikuwa ametoka Bagamoyo na farasi wawili. Wote walikufa kabla hajafika mbali na pwani.

Lakini ng'ombe na mbuzi tunao. Siku ya soko wanaburutwa kwa shingo hadi barabara ya Rumonge, fimbo ikilia nyuma. Mnyama anafika akihema, shingo imechubuka, na mnunuzi anapata sababu ya kushusha bei. Wenye farasi huku si kwamba wana huruma kutuzidi; wamepiga hesabu wakaona nguvu haifiki mbali, na mnyama aliyefundishwa kwa upole huongozwa hata na mtoto.

Basi mjomba, ndama na vitoto vya mbuzi ulivyo navyo sasa vianze kufundishwa vikingali vidogo. Dakika 10 kila jioni zinatosha: kaza kidogo, ngoja, legeza upesi. Kazi hiyo wape wajukuu, na uwaambie fimbo waiache nyumbani.

Mpwa wako,
Ubelgiji