Kungoja Zamu

Mchezo wa Super Mario Bros. ulitolewa na Nintendo huko Japani mwaka 1985. Marehemu kaka yangu nami tuliucheza kwenye televisheni ya sebuleni. Yeye ndiye mkubwa, basi daima alikuwa Mario. Mimi Luigi, ambaye hungoja mpaka Mario afe. Nilingoja sana, maana alikuwa hodari! Tena umeme ukikatika, tulianza upya, kwani mchezo haukuhifadhi tulipofika.

Mwaka 1993 ulitolewa tena kwa mashine ya Super Nintendo, picha nzuri zaidi, na kuhifadhi kukawezekana.

Juzi, ndugu zangu, niliucheza kwenye Switch ya mwanangu. Hiyo hata kosa hulirudisha nyuma. Nilichagua wachezaji wawili, ingawa nilikuwa peke yangu. Mario akaanguka shimoni. Luigi akatokea, akasimama. Nikaweka chini rimoti ya kaka, nikashika yangu.