Usiache kamera ikunyang'anye machweo

Leo tuweke uprogramu kando kidogo, tuzungumze picha. Nilipokuwa Tucson, Arizona, kule Marekani, nilikwenda jioni moja kupiga picha za saguaro, kaktasi mrefu wa jangwa la Sonora. Mmea huu hufikia mita 12 na zaidi, na unaweza kumaliza miaka 50 bila kutoa tawi hata moja.

Jua likikaribia kuzama, mwanga wake hupita kwenye hewa nyingi. Samawati hutawanyika njiani, wekundu na manjano hubaki. Simama jua likiwa nyuma ya saguaro uone miiba inavyong'aa kama dhahabu.

Shida ni kamera. Ukiiacha ijipangie rangi yenyewe, programu yake huuona ule wekundu kama kasoro na kuupunguza. Kwa picha ya kitambulisho, sawa. Kwa machweo, umepokonywa kile kile ulichofuata.

Dawa? Chagua alama ya jua, yaani kama Kelvini 5,500, au hifadhi faili za RAW, uamue rangi baadaye kwenye kompyuta. Nilipiga saguaro mmoja kwa njia zote mbili: picha ya kwanza ilipooza kama ya saa sita mchana, ya pili ndiyo niliyomtumia mama.

Programu hodari namna gani haijui ulikwenda kutafuta nini. Iambie.