Akbar kwa Kiingereza

Watoto wetu wakirudi na madaftari ya Kiingereza, hutuuliza sisi walimu wa chuoni: takbira ifasiriwe greater au greatest? Swali si dogo. Kiingereza hukibadili kivumishi, great, greater, greatest, na mfasiri hana budi kuchagua. Kiarabu kina neno moja, akbar, kwa daraja zote mbili: likifuatwa na min, hulinganisha, likitanguliwa na al, hupita vyote. Katika takbira hamna min wala al. Mkubwa kuliko nini? Hakikutajwa kitu, basi hakuna kilichobakizwa. Kiswahili chetu husema tu Mungu ni Mkubwa, na neno kuliko tumelihifadhi moyoni. Mama anayesahihisha daftari la mwanawe asiikate greater kwa wino mwekundu. Wafasiri wameandika zote mbili.