Brussels mwezi wa Septemba: siku nne za kuwa wageni

Mwezi huu tunawapeleka mbali, hadi Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Sisi walimu wawili wa kujitolea tulialikwa huko Septemba kwenye mkutano wa walimu. Mkutano ulichukua siku tano, na siku nne zilizobaki zilikuwa zetu za kutembea. Tangu turudi, tukiwa bombani au kwenye foleni ya mgao, tunaulizwa maswali yale yale. Basi tumeona tuyajibu hapa, ili kila familia isome.

Swali la kwanza ni la baridi. Septemba kule ni mwanzo wa majira ya majani kupukutika. Asubuhi ni kama nyuzi 10, mchana hufika 18 au 20. Watu wanatoka nyumbani na koti, ikifika mchana koti liko mkononi. Jua halipandi juu ya kichwa kama huku kwetu, linapita pembeni. Hata mchana likiwa juu kabisa, kivuli cha mtu kinamzidi urefu mwenyewe. Tulijipima, tukacheka. Mwanga wake ni wa manjano, kama wa saa kumi na moja jioni hapa kambini, na unakaa hivyo siku nzima.

Watoto wa darasa la tano, mnakumbuka somo la klorofili, ile rangi ya kijani ambayo jani hutumia kutengeneza chakula cha mti. Huko tumeliona somo hilo kwa macho. Siku zinapofupika na baridi inapokaribia, mti unaacha kutengeneza klorofili. Kijani kinaisha, na manjano inaonekana. Kumbe manjano ilikuwemo ndani ya jani tangu mwanzo, ilifunikwa tu. Baadaye mti unaziba njia kwenye kikonyo na jani linaanguka, ili mti usipoteze maji wakati wa baridi kali. Barabara kubwa zimepandwa miti ambayo kwa Kifaransa inaitwa marronnier. Mbegu zake ni za kahawia, zinang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, nazo huanguka ardhini ovyo. Haziliwi, zina sumu. Watoto wanaziokota kuchezea, na sisi tulipoziona tuliwaza bao.

Sasa mji wenyewe. Mkoa wa Brussels una watu kama milioni 1.2 na umegawanyika katika manispaa 19. Lugha rasmi ni mbili, Kifaransa na Kiholanzi, kwa hiyo kila barabara ina majina mawili kwenye kibao kimoja. Mwanzoni tulidhani tumepotea, kumbe tumesimama pale pale. Ofisi kuu za Umoja wa Ulaya ziko huko, hata makao makuu ya NATO.

Katikati ya mji kuna uwanja unaoitwa Grand-Place. Pande zote umezungukwa na nyumba ndefu nyembamba zilizopakwa dhahabu, ambazo zamani zilikuwa za vyama vya mafundi: waoka mikate, watengeneza bia, wachinjaji, wenye mashua. Mnara wa jumba la mji una mita 96, na juu yake amesimama Malaika Mikaeli. Mtu akiuona uwanja huo leo anaweza kudhani haujawahi kupatwa na shida. Lakini mwezi wa Agosti 1695 jeshi la mfalme Louis XIV wa Ufaransa liliupiga mji kwa mizinga, karibu uwanja wote ukateketea, mnara ukabaki umesimama. Wenyeji hawakuhama. Walijenga upya, na kwa miaka michache tu nyumba zilikuwa zimesimama tena, nzuri kuliko za kwanza. Mwaka 1998 UNESCO iliuweka uwanja huo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Tulikaa chini kwenye mawe kama watu wengine. Kukaa ni bure. Tulikaa muda mrefu tukifikiria nyumba zetu zilizochomwa, tukasema: kumbe moto sio mwisho wa mji.

Watoto watapenda hii: karibu na hapo kuna sanamu ndogo ya shaba, kimo sentimita 55 hivi, ya mtoto wa kiume anayekojoa. Inaitwa Manneken Pis. Ilitengenezwa mwaka 1619, na ile ya asili imehifadhiwa makumbusho, ya barabarani ni nakala. Mtoto huyo ana nguo zaidi ya 1,000 alizoletewa zawadi kutoka nchi mbalimbali, na siku nyingine wanamvisha. Watu wanatoka mbali kabisa kuja kumpiga picha. Mama mmoja wa huku kwetu tulipomsimulia alisema, "Wangu anafanya hivyo kila siku nyuma ya nyumba na hakuna anayempiga picha!"

Jumapili moja ya Septemba, kila mwaka, mji mzima unafungwa kwa magari ya watu binafsi kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa moja jioni. Tulikuwa na bahati, Jumapili hiyo ilitukuta. Mabasi na tramu siku hiyo yalikuwa bure. Barabara za njia nne zilijaa baiskeli, wazee kwa miguu, watoto na mipira. Tulitembea katikati ya barabara kutoka asubuhi mpaka miguu ikauma. Baada ya saa kadhaa mmoja wetu akasema, "Umeona? Hatujaulizwa kibali." Ni kweli. Hapa kambini tumezoea, ukitaka kuvuka geti lazima uwe na karatasi, imeandikwa unakwenda wapi na unarudi lini. Siku ile hatukujua hata sisi wenyewe tunakwenda wapi. Tuliona njia nzuri, tukaifuata.

Chakula? Chipsi zao ni maarufu. Wanazikaanga mara mbili, kwanza taratibu ziive ndani, zikipoa kidogo wanazirudisha kwenye mafuta ya moto mkali ziwe ngumu nje. Wanaziweka kwenye karatasi iliyokunjwa kama pia, na watu wanakula wakitembea. Lakini baada ya siku sita tumbo lilikuwa linadai fufu. Ndipo tukaelekezwa Matonge.

Matonge ni mtaa ulioko Ixelles, karibu na Porte de Namur, na umechukua jina la Matonge ya Kinshasa. Tangu miaka ya 1960, wanafunzi kutoka Kongo walikuwa wanafikia kwenye nyumba moja eneo hilo, na mtaa ukakua kuwazunguka. Ukiingia unasikia Lingala, unaona saluni za kusuka, vitenge, maduka ya pondu, makayabu na kwanga. Pembeni ya mtaa kuna uwanja mdogo wenye jina la Patrice Lumumba, ulifunguliwa tarehe 30 Juni 2018. Mwaka 2022, mwezi wa Juni, jino la Lumumba, ambalo ndilo mabaki pekee yaliyobaki ya mwili wake, lilikabidhiwa familia yake katika mji huo huo, likarudishwa Kongo na kuzikwa Kinshasa. Wazee wetu wanaokumbuka mwaka 1960 wataelewa kwa nini tulisimama pale kimya.

Dukani tulikuwa tunabishana bei kwa Kiswahili, mama muuzaji akageuka. "Munatoka fasi gani, batoto bangu?" Alikuwa mtu wa Bukavu. Tulipomwambia tunatoka kambini na tunarudi kambini, alinyamaza kidogo. Halafu akafungua kwanga na samaki, akavuta viti viwili. "Mukule. Leo muko bageni bangu." Alikataa pesa. Tulikula pale kati ya mifuko ya unga, na ndicho chakula tulichokifurahia kuliko vyote.

Siku ya mwisho tulipanda tramu namba 44 kwenda Tervuren, nje kidogo ya mji. Tukishauri mtu safari moja tu ya Septemba huko Brussels, ni hii. Tramu inapita kando ya msitu wa Soignes, msitu mkubwa wenye miti mirefu iliyonyooka kama nguzo za kanisa, majani yakianza kubadilika. Watu ndani ya tramu wanakaa kimya wakitazama nje. Mwisho wa njia kuna bustani yenye maji, na jumba kubwa la makumbusho ya Afrika lililofunguliwa mwaka 1910. Lilifungwa mwaka 2013 ili litengenezwe, likafunguliwa tena Desemba 2018.

Hapo tulitaka kuona kitu kimoja. Mwaka 1897, wakati mfalme Leopold II alipokuwa akimiliki Kongo kama mali yake binafsi, Wakongo 267 waliletwa Ubelgiji kwa ajili ya maonyesho. Walijengewa vijiji ndani ya bustani ile ile ya Tervuren, na watu zaidi ya milioni moja wakaja kuwatazama. Baridi na magonjwa vikawapata, saba wakafa. Majina yao ni Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Wamezikwa kando ya kanisa la Mtakatifu Yohana Mwinjili hapo Tervuren, nasi tulikwenda. Ni makaburi ya kawaida, yamepangwa mstari. Tulisoma majina kwa sauti, tukaomba.

Ndani ya makumbusho kuna ukuta wa zamani wenye majina 1,508 ya Wabelgiji waliofia Kongo enzi zile. Msanii wa Kinshasa, Freddy Tsimba, aliandika majina ya wale saba kwenye vioo vya madirisha yanayotazamana na ukuta huo. Jua likiwaka, vivuli vya majina yao vinaanguka juu ya ukuta. Ni jua lile lile la pembeni tulilowaeleza mwanzoni.

Na wala sio mambo ya 1897 peke yake. Mwaka 1958 Brussels ilifanya maonyesho makubwa ya dunia. Ndipo walipojenga Atomium, ile mipira tisa ya chuma yenye kimo cha mita 102, ambayo hadi leo watalii wanaipanda. Katika maonyesho hayo pia waliweka kijiji cha Wakongo nyuma ya uzio. Watazamaji wakawatupia ndizi. Wale Wakongo wakachoka kudharauliwa, wakaacha na kuondoka kabla maonyesho hayajaisha. Wazee kadhaa hapa kambini walikuwa tayari wamezaliwa mwaka huo.

Kwa hiyo tunapowaambia kwamba tulifurahi Brussels, mtuelewe vizuri. Tulikaa kwenye benchi ya bustani ile, tukila mkate, tukitazama bata, tukitazama watu wakipita na mbwa wao. Sisi ndio tuliokuwa tukitazama. Hakuna aliyelipa kiingilio kutuona. Tulifurahi kweli kweli, na tuliona ni haki ya wale saba pia kwamba tufurahi.

Sasa lile swali kubwa, ambalo wengine wanatuuliza kwa kunong'ona: "Kwa nini mlirudi?" Tunajibu wazi. Tuliahidi kurudi, na walimu wengine wa hapa wakialikwa kesho, tusingependa wakute mlango umefungwa kwa ajili yetu. Halafu mtihani ulikuwa unakaribia na madarasa yetu hayana walimu wa ziada. Hatumlaumu yeyote ambaye angeamua vingine. Kila mtu anajua mzigo wake. Ila tumejifunza jambo moja. Mgeni anafurahi kwa sababu ana tarehe ya kurudi, na anarudi kwake. Sisi tarehe tulikuwa nayo, lakini ilikuwa ya kurudi hapa, sio nyumbani. Kwenye ndege tulilizungumza hilo, kisha tukanyamaza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watoto wengi tunaowafundisha wamezaliwa hapa, na bado wanaitwa wageni.

Familia zinazosubiri kupelekwa nchi za Ulaya, chukueni haya machache: koti jepesi na viatu vya kufunga mnapofika Septemba, kwa sababu mvua inanyesha ghafla. Salimieni dukani kabla ya kuuliza bei. Na mkikuta mtaa wenye harufu ya makayabu, ingieni, mtapata ndugu.

Watoto, kazi ya mwezi huu ni hii:

1. Eleza kwa nini jani linakuwa la manjano kabla ya kuanguka.

2. Mnara wa Grand-Place na Atomium, upi mrefu, na kwa mita ngapi?

3. Muulize babu au bibi alifundishwa nini kuhusu Ubelgiji alipokuwa mdogo, uandike nusu ukurasa.

4. Andika majina ya wale saba bila kutazama.

Leteni majibu shuleni kabla ya mwisho wa mwezi. Tutayasoma yote.