Risiti ya Maumivu

Jumapili, 12 Machi 2023

Tumemaliza The Glory, ile tamthilia ya Kikorea, leo alasiri, mimi na wifi. Sehemu nane za mwisho zimetoka Ijumaa, na tangu hapo humu ndani hakijapikwa kitu cha maana. Wifi amepiga kigelegele Yeon-jin alipoonyeshwa gerezani akiwatangazia wafungwa wenzake hali ya hewa, kama alivyokuwa akitangaza kwenye televisheni, machozi yakimtiririka. "Alipie ile pasi ya nywele aliyomchomea Dong-eun shuleni," anasema.

Nimemtazama wifi zaidi ya nilivyoitazama runinga. Huyu ni mtu asiyemsamehe mwanamke kwenye tamthilia hata kwa kuchelewa kumpokelea mumewe simu. Leo amekaa saa nane nzima akimshangilia Dong-eun, anayedanganya, anayetisha watu kwa siri zao, anayemtuma mke wa mtu akapige picha za kuvizia, na aliyeomba kazi ya ualimu ili tu amfundishe mtoto wa adui yake. Nikamuuliza: wifi, huyu naye si mbaya? Akanishangaa. "Wewe hukuuona ule mkono?"

Jumatano, 15 Machi

Ule mkono haujaniondoka.

Kuna mahali Dong-eun anafungua vifungo vya nguo mbele ya daktari Yeo-jeong na kumwonyesha makovu. Wala si mapenzi. Anatoa risiti. Daktari anaangalia, anatetemeka kwa hasira, na papo hapo anakubali kuwa mnyongaji wake. Na sisi tulioko kwenye makochi tumefanya vilevile: tumekagua, tumeridhika, tumempa ruhusa. Kuanzia hapo afanye atakalo, malipo yameshaonekana.

Kim Eun-sook, aliyeiandika, alijulikana zaidi kwa mapenzi matamu: Secret Garden, Descendants of the Sun, Goblin. Amesimulia kwamba wazo la The Glory lilimjia baada ya bintiye kumuuliza kipi kingemuuma zaidi mama yake, yeye kumpiga mtu hadi afe au yeye kupigwa hadi afe. Swali la kutisha, na lina pande mbili. Tamthilia imeulalia upande mmoja. Mwandishi amejua kabisa kwamba Song Hye-kyo, anayemcheza Dong-eun na ambaye watu wamemzoea akilia kwa uzuri tangu Autumn in My Heart ya mwaka 2000, hataruhusiwa na watazamaji kuwa mkatili bila vielelezo.

Ninachojiuliza ni Ye-sol, binti wa Yeon-jin. Mtoto mdogo wa shule ya msingi, mwalimu wake anamtumia kama chambo, na mwisho anaondoka nchini bila kuelewa vizuri nini kimempata mama yake. Wifi hakumtaja hata mara moja.

Jumapili, 19 Machi

Kijana wa kibandani kanijazia flashi. Nilitaka Vincenzo ya mwaka 2021 yenye maandishi ya chini, kanipa iliyotafsiriwa kwa sauti. Basi, nimeangalia hivyo hivyo, na afadhali, maana mtafsiri ni mtazamaji anayesema kwa sauti yale wengine wanayoyawaza.

Vincenzo ni mwanasheria wa mafia kutoka Italia. Anakuja Korea kufukua tani 1.5 za dhahabu iliyofichwa chini ya jengo. Sehemu ya kwanza haijaisha, ameshachoma shamba zima la mizabibu la mtu. Mtafsiri: "Mwamba huyooo!" Hakuna aliyeuliza Vincenzo alifanywa nini utotoni. Baadaye tunaambiwa mama yake alimtoa, akalelewa ugenini, lakini habari hiyo imekuja tukiwa tumeshampenda.

Adui yake mkubwa wa kike, Choi Myung-hee, ni mwendesha mashtaka wa zamani aliyegeuka wakili wa wauaji. Anapanga mauaji huku akifua nguo zake, na anacheza zumba kwa furaha ya kweli kabisa. Mwigizaji Kim Yeo-jin amemfanya mtu unayeweza kumkuta foleni ya benki. Mtafsiri hana neno kwake ila nyoka, mchawi, jimama. Mwishoni Vincenzo anamchoma moto akiwa hai, kidole cha mguu kwa kidole ameshamng'oa kucha. Kisha mwamba anakwenda zake Malta, ana kisiwa, na mwaka mmoja baadaye anarudi kumbusu mpenzi wake.

Sisemi Vincenzo ni mbaya kama tamthilia. Nimecheka sana. Ila nimeshika bei: steringi wa kiume anaingia bure.

Jumapili, 26 Machi

Ramadhani ya tatu. Shangazi amefika kutoka Tanga kufunga na sisi. Baada ya tarawehe tukamwekea The World of the Married, ambayo mimi na wifi tulishaiona na tukagombana juu yake.

Kwa atakayesoma daftari hili nikishakufa: ni ya mwaka 2020, imetoholewa kutoka Doctor Foster ya BBC, na sehemu yake ya mwisho ilipata watazamaji asilimia 28.4 Korea, rekodi ya televisheni ya kebo kwa wakati ule. Kim Hee-ae ni Dokta Ji Sun-woo. Anagundua mumewe Tae-oh ana kimwana, na marafiki wote walikuwa wanajua.

Risiti anayo, na ya halali. Lakini inaisha muda haraka. Leo nimekunja vidole kuhesabu huruma ya wifi inapopungua. Sun-woo analala na jirani mhasibu ili apate hesabu za mumewe: wifi anaguna. Sun-woo anamfanya Tae-oh aamini kwamba yeye Sun-woo amemuua mtoto wao, Joon-young, ili Tae-oh ampige, na mtoto aone, na mahakama impe yeye malezi. Inafanya kazi. Uso umevimba, damu mdomoni, na mtoto amesimama mlangoni anaangalia. Kim Hee-ae anamtazama mwanawe kwa jicho ambalo sijui kulielezea: kuna aibu, na kuna ushindi. Wifi: "Hapo amezidi. Mama gani huyu?"

Shangazi alikuwa kimya anatafuna tende. Akasema, "Mwanangu, huyo mume alipomdanganya mtoto kila siku kuwa yuko kazini, mlisema baba gani huyu?"

Tumenyamaza. Halafu wifi akasema, "Lakini shangazi, mwanaume ndivyo alivyo." Shangazi akaomba chai.

Jumatatu, 27 Machi

Nimeongeza hili kabla sijasahau. Mwisho wa ile ya Kiingereza, Doctor Foster, mtoto anatoweka na harudi. Ya Kikorea mtoto anarudi baada ya mwaka, mama yuko nyumbani anamsubiri. Wakorea wamempunguzia adhabu. Ila adhabu yenyewe imebaki kuwa ya umama. Tae-oh anapoteza pesa, heshima na mke wa pili. Sun-woo anapoteza mtoto. Kila mmoja kanyang'anywa kile ambacho watazamaji wanadhani ndicho alichozaliwa nacho.

Jumapili, 2 Aprili

Umama pia unaweza kuwa risiti yenyewe. Mother ya Japani, 2010, ya mwandishi Sakamoto Yuji: mwalimu anamwiba mwanafunzi wake, mtoto anayeteswa nyumbani na kuachwa usiku kwenye mfuko wa taka. Ni utekaji, sheria iko wazi. Hadithi hiyo ikatengenezwa upya Uturuki mwaka 2016 kwa jina la Anne, na Korea mwaka 2018. Nchi tatu, hakuna iliyoogopa kwamba watu watamchukia mwizi huyo. Akiiba kwa ajili ya mtoto, mwanamke haibi.

Aibe kwa ajili yake mwenyewe tuone.

Jumatano, 5 Aprili

Baba watoto kauliza kwa nini wanawake wa Kikorea wote wanalipiza kisasi. Nikamwambia si wote, wengine wanapenda tu madaraka. Akasema hao ndio wabaya zaidi. Alikuwa anatania, nadhani.

Jumanne, 11 Aprili

The Penthouse, 2020. Kim Soon-ok anaandika kama mtu anayemwaga pilipili akiwa amefumba macho. Watu wanakufa, wanafufuka, wanarudi na tatuu. Nusu yake ni upuuzi na nimeufurahia wote. Lakini kuna tukio moja ambalo ningelitetea mbele ya yeyote.

Cheon Seo-jin, mwimbaji wa opera, anagombana na baba yake usiku wa mvua. Baba anaanguka ngazini. Bado yu hai, ananyoosha mkono. Seo-jin anasita, anachukua mkoba wenye nyaraka za uenyekiti wa shule, anamwacha pale. Anafika nyumbani amelowa, mikono ina damu, anakaa kwenye piano na kupiga kama kichaa, analia, anacheka, vidole havikosei hata noti moja. Kim So-yeon, anayemcheza, hakuomba huruma yoyote hapo. Amemwacha baba yake afe kwa sababu anakitaka kiti, na kwa sababu maisha yake yote baba huyo alimwambia hafai. Sababu ya pili ipo, lakini tukio halikuiegemea. Uchungu na tamaa vimekaa kiti kimoja cha piano.

Wifi ameangalia mpaka mwisho bila kupepesa jicho. "Huyu ndiye shetani mwenyewe," akasema, na akaniambia niweke sehemu inayofuata upesi. Hilo nimeliandika kwa makusudi. Anamchukia na hawezi kumwacha.

Seo-jin anaishia na saratani ya koo, yeye ambaye sauti ilikuwa kila kitu, na anajiua. Wanamwondolea sauti kwanza.

Jumapili, 16 Aprili

Mishil. Queen Seondeok ya MBC, 2009, sehemu 62. Nimeirudia kwa ajili yake tu na naona hata walioitengeneza walijikuta hivyo hivyo. Hadithi ni ya Deokman, malkia wa kweli aliyetawala ufalme wa Silla kuanzia mwaka 632. Lakini Go Hyun-jung alipoingia na ile nyusi yake moja inayopanda, tamthilia ikahama mikono. Tuzo kuu ya MBC mwaka ule aliichukua yeye, aliyecheza adui.

Mishil hana jeraha la kuonyesha. Anatumia elimu ya kalenda kuwafanya watu waamini anasema na mbingu. Anamtupa mwanawe mchanga, Bidam, kwa sababu hana faida tena kisiasa. Anaua akitabasamu. Anataka utawala kwa kuwa anauweza kuliko waliozaliwa nao, basi.

Halafu vita inapomgeukia, jeshi la mpakani linaondoka zamu kuja kumsaidia. Angelipokea angeweza kushinda. Analirudisha, kwa sababu mpaka ukibaki wazi maadui wa Baekje wataingia. Anakunywa sumu akiwa amekaa kwenye kiti cha enzi, sehemu ya 50, na zile 12 zilizobaki ni kama nyumba baada ya harusi.

Kinachonishika ni kwamba Mishil hakuwahi hata kuota kuwa mfalme. Damu yake haikuwa ya daraja la juu kabisa, kwa hiyo alijipangia kuwa malkia tu, mke wa mfalme. Deokman, msichana mdogo, ndiye aliyemwonyesha kwamba ndoto yenyewe ilikuwa ndogo. Hapo nimemwonea huruma, na si kwa sababu ya kovu.

Shangazi anamwita "bibi yule". Anamheshimu.

Jumapili, 23 Aprili

Idi pili. Wageni wameondoka, miguu inauma, tumeangalia Anna ya Suzy, 2022.

Yumi, binti wa fundi cherehani na mama kiziwi, anafeli mtihani wa chuo na kumwambia baba yake amefaulu. Uongo huo mmoja unakua. Anaiba jina na vyeti vya binti wa tajiri aliyekuwa akimtumikia, anakuwa Anna, mhadhiri, mke wa mwanasiasa. Tukio zuri kuliko yote halina hata neno: anagundua mwenye jina anaishi jengo lile lile, na tangu siku hiyo anapanda ngazi ghorofa zote kwa viatu virefu, asije akakutana naye kwenye lifti.

Wifi: "Sasa huyu alifanywa nini?"

Nikamwambia alidharauliwa, alikuwa maskini.

"Maskini ni wengi, wifi."

Basi umaskini si risiti. Makovu ya moto ndiyo, mtoto anayeteswa ndiyo, usaliti wa mume ni nusu. Kumfulia tajiri nguo kwa miaka na kuona hana akili kukushinda, hapana, hilo vumilia.

Jumamosi, 29 Aprili

Tuzo za Baeksang zimetolewa jana. The Glory imekuwa tamthilia bora, Song Hye-kyo mwigizaji bora wa kike, na Lim Ji-yeon, Yeon-jin wetu, mwigizaji msaidizi bora. Nimewapitia washindi wa nafasi ya Song Hye-kyo kurudi nyuma: 2019 Yum Jung-ah wa SKY Castle, mama anayefunika maovu ili bintiye aingie chuo, 2020 Kim Hee-ae, 2021 Kim So-yeon, 2022 Kim Tae-ri, mcheza fensi asiye na hatia. Kwa hiyo miaka minne kati ya mitano imekwenda kwa wanawake wenye mikono michafu. Asiniambie mtu kwamba watazamaji hawawataki. Wanawataka mno, ila wanataka na hesabu ifungwe mwishoni.

Hata Dong-eun. Akishamaliza kisasi chake anasimama ukingoni mwa paa, tayari kujirusha. Anayemzuia ni mama yake Yeo-jeong, na anamzuia kwa kumwomba amwokoe mwanawe. Anashuka, anaenda kumsaidia daktari kulipiza kisasi chake yeye. Zawadi ya mwanamke aliyefanya kazi ya miaka 18 ni kazi ya mwanaume.

Hukumu yangu, basi: wa kwanza Mishil, wa pili Seo-jin, wa tatu Yumi, na Dong-eun wa nne. Wifi hakubali hata mmoja wa hao watatu wa mwanzo, na Jumapili ijayo tunaanza SKY Castle.