Wikiendi Iringa: kahawa bila maneno

Tulitoka Dar Ijumaa alfajiri, mimi na mume wangu, na mpango wetu ulikuwa mmoja tu: kwenda kulala kwenye baridi. Nyie mnaoamka saa nane za usiku kugeuza mto mnanielewa. Iringa ni kama kilomita 500 kwa barabara, na mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kule blanketi si pambo la kitanda.

Safari yenyewe ni nusu ya raha. Ukishapita Morogoro unakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi, twiga wanakutazama kama vile wewe ndiye uliyepotea. Baadaye ni mibuyu, mibuyu, mibuyu, na Mto Ruaha Mkuu pembeni. Halafu Kitonga. Jamani, zile kona! Hapo ndipo tulipogombana. Mwenzangu alitaka kulipita lori la mafuta palepale kwenye kona, nikapiga ukelele, akanuna, nami nikanuna. Mpaka taa za Iringa zinaonekana kule juu, ndani ya gari ilikuwa ni redio tu inayoongea.

Jumamosi asubuhi bado tumenuniana, tukaenda Neema Crafts kunywa kahawa. Nilikuwa nimeshasikia habari za pale kwa mashosti waliowahi kwenda, ila kusikia si kuona. Wahudumu wa mkahawa ni viziwi. Unapewa karatasi na kalamu, unaandika unachotaka, na kuna picha za ishara za kujaribu kama huoni aibu. Mume wangu akaandika kahawa 2 na keki. Chini yake akaongeza: "Samahani kwa ya jana." Akanisogezea. Nikaandika: "Lori lile lingetuua." Akajibu: "Najua." Kwa mdomo hilo neno "najua" lingechukua wiki nzima kutoka, nawaambia.

Tulichosahau ni kwamba karatasi ndiyo hiyohiyo ya oda. Binti aliyetuhudumia akaisoma yote, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akacheka mpaka akafunika mdomo. Kahawa ikaja, na nzuri kwelikweli.

Baada ya hapo tukatembezwa karakana. Kazi hii ilianza mwaka 2003, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ikianzishwa na Mwingereza Susie Hart na vijana watatu viziwi. Walianza na karatasi zinazotengenezwa kwa kinyesi cha tembo. Ndiyo, kinyesi. Kinachemshwa, kinaoshwa, kinapondwa, kinachanganywa na karatasi chakavu, kinachujwa kwenye fremu na kuanikwa. Niliinusa kadi moja kwa siri, hainuki kabisa. Leo kuna ufumaji, ushonaji, shanga na mengineyo, na wanaofanya kazi pale ni watu wenye ulemavu wa aina mbalimbali, wengi wao wakiwa wamejifunza ufundi palepale. Wanachopata ni mshahara, si sadaka, na hilo unaliona hata wanavyokukagua wewe mteja usiyejua kuchagua rangi.

Nilisimama muda mrefu kwa kijana mmoja mfumaji. Mkufunzi wake hakusema kitu. Aligusa uzi, akaonyesha kwa vidole, kijana akarudia, akakosea, akafumua, akarudia tena. Nikaanza kujisikia vibaya, na sababu naijua.

Mwaka jana ofisi yetu ilitangaza nafasi ya mpangaji wa kurasa. Kwenye rundo la maombi ilikuwepo barua ya kijana kiziwi, na kazi alizoambatanisha zilikuwa safi kuliko za wengi. Nikaiweka pembeni. Nilijiambia: simu atapokeaje? Vikao je? Kumbe mpangaji wa kurasa ofisini kwetu hapokei simu hata siku moja! Na vikao vyetu, wanaotufahamu watacheka, nusu yake ni umbea.

Nchi hii shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Sisi tunapita 20. Nilihesabu kichwani, meza kwa meza, nikapata sifuri. Hesabu na wewe ofisini kwako.

Jioni tulipanda Gangilonga, lile jiwe ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Mji wote uko chini yako, upepo unakata masikio, wapenzi kila kona (wengine wa sekondari, walimu mpo?). Huko juu nikamsimulia mume wangu habari ya ile barua. Hakunihukumu. Aliniuliza tu, "Namba yake bado unayo?"

Bahasha ilikuwa kwenye droo ya chini. Jumatatu niliisoma mpaka mwisho kwa mara ya kwanza, na mstari wa mwisho ulisema: tafadhali nijulishe kwa meseji. Nikamwandikia ukweli, kwamba nafasi ile ilishajazwa, ila toleo linalofuata lina kazi ya wiki 2 ya kupanga kurasa, yenye malipo.

Chai yangu ilikuwa haijapoa alipojibu. Aliuliza aje saa ngapi.