Barua kutoka Limburg: Mpingo wetu watafuta wa kuusindikiza

Huku kusini mwa Uholanzi baridi imeanza kulegea, na Jumanne iliyopita tulifanya mazoezi ya bendi milango ikiwa wazi kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Limburg ni nchi ya bendi za kupuliza. Muuguzi, mkulima, mwanafunzi na mzee mstaafu hukaa safu moja, kila mmoja na karatasi yake ya noti. Bendi yenye klarineti na filimbi huitwa "harmonie". Isiyo na klarineti huitwa "fanfare", na ole wako uchanganye majina hayo mbele ya mwenyeji. Katika mji wa Kerkrade hufanyika mashindano ya dunia ya bendi hizi, yaliyoanza 1951 na ambayo hurudi kila baada ya miaka minne.

Mimi napiga klarineti ya tatu. Na klarineti, ndugu zangu wa Kilwa na Lindi mnaijua kuliko mnavyodhani, maana zile nzuri huchongwa kwa mpingo. Mti uleule ambao Mmakonde huuchonga kinyago, mzito hata ukiutupa majini unazama. Kila ninapolifungua sanduku la klarineti na kuunganisha vipande vyake, kidole changu hupita juu ya ule weusi wenye mistari ya kahawia kwa mbali, nami hukumbuka magogo yaliyolala kando ya barabara ya kusini.

Sasa, mwaka huu bendi imeamua binti mmoja wa miaka 17, mpiga klarineti hodari, asimame mbele apige solo na sisi tumsindikize. Nikapewa kazi ya kumtafutia muziki. Nilitazamia iishe kwa jioni moja; ilichukua miezi miwili.

Shida ni hii. Watunzi wakubwa walioipenda klarineti waliiandikia isindikizwe na okestra, yaani fidla kwa wingi, na bendi yetu haina fidla hata moja. Kwa hiyo lazima atokee mpangaji azigawe upya zile sauti. Na fidla anampa nani? Mara nyingi huwapa klarineti za bendi. Hapo mpiga solo anajikuta mbele ya klarineti kumi na mbili zenye sauti kama yake. Akishuka kwenye noti za chini, zile nene na laini ambazo ndizo utamu wa chombo hiki, anamezwa.

Yeye mwenyewe alimtaka Mozart, ile sehemu ya polepole ya konseto aliyomwandikia mpiga klarineti Anton Stadler mwaka 1791, wiki chache kabla ya kufa. Tukaagiza mpangilio mmoja. Ulipofika, tuligundua mpangaji ameuacha muziki katika ufunguo wake wa asili, D. Kwa fidla huo ni ufunguo mwepesi. Kwa bendi ni mateso: mpiga saksafoni alto aliyekaa kushoto kwangu alifungua karatasi yake akakuta shapu tano, mwenye tarumbeta akakuta nne. Tulijaribu mara mbili, tukaikunja.

Mpangaji anayejua bendi angeupandisha muziki huo nusu toni tu, kuwa E flati. Saksafoni anabaki bila alama hata moja, tarumbeta na flati moja. Na mpiga solo hahitaji kujifunza upya chochote: anaweka chini klarineti ya A, anachukua ile ya B flati, anasoma noti zilezile kwa vidole vilevile. Hiyo ndiyo kazi ya mpangaji mwenye huruma, na tangu siku hiyo mimi hutazama ufunguo kabla ya kutazama jina la mtunzi.

Ndipo nilipomfikia Weber. Konsetino yake ya 1811, aliyomwandikia mpiga klarineti Heinrich Baermann wa Munich, iko tayari kwenye E flati, na imekwisha kupangiwa bendi zaidi ya mara moja. Ni fupi, kama dakika kumi, na ndani yake mpiga solo analia, anacheza, anakimbia. Lakini nayo ilizaliwa na fidla.

Aliyenifurahisha zaidi ni Mrusi, Nikolai Rimsky-Korsakov. Huyu alikuwa ofisa wa jeshi la majini, na mwaka 1873 akafanywa mkaguzi wa bendi zote za jeshi hilo. Alizoea kuzisikia, akajua nguvu zake na udhaifu wake. Mwaka 1877 aliandika konseto ya tromboni na bendi. 1878 akaandika ya klarineti na bendi. Hapo hakuna pengo la fidla la kuziba. Tarumbeta, tuba na ngoma zimo kwa sababu alizitaka ziwemo.

Tulipoijaribu Jumanne, kiongozi wetu alifanya jambo moja dogo: kila solo inapoanza, kila sauti ibaki na mpigaji mmoja. Wenzangu wawili wa klarineti ya tatu wakashusha vyombo magotini, nikabaki peke yangu. Nilimsikia yule binti kila pumzi, hata ulimi wake ukigusa tete. Tumeichukua hiyo.

Wenye bendi za polisi, jeshi na magereza huko nyumbani, nawaomba. Klarineti mnazo, na watu wa kuzipiga mnao. Mara nyingi tunawasikia kwenye gwaride tu, wamezama katikati ya tarumbeta. Rimsky-Korsakov alifariki 1908 na Weber 1826, hawadai tena kitu, ingawa mpangilio mpya huwa na mwenyewe wa kulipwa. Mtoeni mmoja mbele, mpeni dakika nane, nyinyi wengine mpige taratibu nyuma yake. Mti ni wa kwetu. Nataka niusikie ukiimba Lindi.